Offaly kupigwa na Galway pale Birr: niogope, au ni mambo ya Januari tu?

Mama wa Birr (Jumapili, saa 3:10 usiku)

Wanajamvi, habari za jioni. Nina swali, na naomba jibu la kweli, si la kunifariji, kwa sababu kesho usiku naingia zamu na kuna mtu ananisubiri.

Leo saa nane mchana nilikuwa St Brendan's Park na mwanangu wa miaka 12, tukiangalia kaunti yetu ya Offaly na Galway kwenye Kombe la Walsh, mashindano ya Januari huku Ayalandi. Tumepigwa kwa tofauti ya pointi 11. Kwa asiyeujua mchezo wa hurlingi, huu wa Ayalandi wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo: mpira ukipita juu ya mtambaa panya katikati ya nguzo ni pointi moja, ukizama wavuni ni goli, na goli moja ni pointi tatu. Kwa hiyo 11 si mlima, nimeshaona timu ikifuta pengo kama hilo ndani ya robo saa. Lakini leo, kuanzia dakika ya ishirini hivi, sikuona dalili yoyote.

Nilisimama nyuma ya goli, mkono wa kushoto wa kipa wetu, maana mwanangu anacheza beki klabuni kwao na anapenda kuwaona mabeki kwa karibu. Mvua ilinyesha usiku kucha ikakatika saa sita mchana. Kabla hata ya mapumziko nyasi za pale mbele ya goli zilikuwa zimeshageuka tope. Beki wetu namba 4, kijana ambaye sidhani kama ametimiza miaka 21, alipangiwa kumkaba mshambuliaji mmoja wa Galway, pande la mtu. Mara tatu mpira mrefu ulikuja kwenye kona ile, na mara zote tatu mwenye jezi ya damu ya mzee ndiye aliyeupata. Mara ya kwanza akageuka, pointi. Ya pili, pointi tena. Ya tatu akaingia ndani kabisa. Nilisikia fimbo ikigonga mpira kabla sijajua mpira uko wapi, halafu nikaona wavu unatikisika na yule mwamuzi wa koti jeupe pale nguzoni anainama kuokota bendera ya kijani. Kijana wetu alibaki amepiga goti kwenye tope. Akainua uso kutazama benchi, nikajua anasubiri kutolewa. Hata mimi nilisema kwa sauti, jamani mtoeni mtoto wa watu. Hawakumtoa.

Kazini tumezoea kuandika kila kitu, kwa hiyo hata uwanjani natembea na kidaftari. Nimeandika mipira 15 tuliyoipiga nje. Kumi na tano! Kila mara mwamuzi anatoa ishara ya mpira wa nje, watu wanashusha pumzi, na Galway wanaanza upya.

Timu hii niliipenda Juni 2024 pale Nowlan Park, vijana wetu wa chini ya miaka 20 walipoifunga Tipperary 2-20 kwa 2-14 (yaani magoli 2 na pointi 20, kwa magoli 2 na pointi 14) wakawa mabingwa wa Ayalandi nzima. Mwanangu alikuwa amelala na jezi wiki nzima kabla ya mechi ile. Leo ndani ya gari hakusema neno mpaka tumefika nyumbani.

Sasa huyo anayenisubiri. Ni mzee wa miaka 88 kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Alicheza hurlingi ujana wake wote, sasa miguu imekataa. Matokeo anayasikia redioni kabla yangu, hayo haniulizi. Nikiingia na dawa zake anauliza kitu kimoja tu: "Walichezaje?" Nami sitaki kumpelekea maneno ya kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa sababu anajua, na kwa sababu mzee wa umri ule anastahili kuambiwa ukweli. Walichezaje, ndugu zangu? Mbali na pointi 11, nilikuwa naangalia nini pale?

Kocha wa watoto, Tullamore (Jumapili, saa 4:25 usiku)

Dada, kwanza hongera kwa kusimama dakika 70 kwenye baridi ile. Nilikuwa upande wa pili, karibu na benchi, na mimi pia moyo uliniuma. Nitakujibu kama ninavyoona.

Mashindano haya ya Januari yapo kwa ajili ya kocha kuliko mashabiki. Wachezaji wanafanya kazi zao za kila siku, hurlingi ya kaunti hailipwi mshahara, na kikosi kinakuwa kimerudi mazoezini juzijuzi tu. Vijana wa vyuo wengine wako na timu za vyuo vyao kwenye Kombe la Fitzgibbon. Kwa hiyo kikosi cha leo usikihesabu kama kikosi cha Mei, wakati wa mechi za ubingwa. Galway nao vilevile, tusijidanganye kwamba sisi tu ndio tulikuwa pungufu.

Mimi nilikuwa naangalia pakauti, yaani ule mpira ambao kipa anaupiga kuanzisha mchezo kila baada ya kufungwa au mpira kutoka nje. Mechi moja inakuwa nazo nyingi mno, na anayezishinda ndiye anayekaa na mpira. Kipindi cha kwanza kipa wetu alikuwa anawapigia fupi mabeki wa pembeni karibu kila mara. Mara mbili Galway wakanusa, wakakatiza, wakatuadhibu. Watu nyuma yangu walikuwa wanamzomea apige mbele. Lakini yule kijana alikuwa anafanya alichotumwa. Ukiwa na mabeki wanaoogopa kupokea mpira mfupi, Mei unamalizika, kwa sababu ukipiga mrefu kila mara wapinzani wanajua pa kusimama. Kosa kama lile lazima ulifanye mahali, na bora ulifanye Januari. Robo ya mwisho alianza kuchanganya, mfupi, mrefu, mmoja wa katikati kwa kiungo anayekimbia, na hapo tukapumua.

Kilichonisikitisha ni mipira iliyodondoka. Fimbo mbili zinagongana hewani, mpira unaanguka, na Galway wawili wameshafika kabla ya mtu wetu mmoja. Hilo halihusiani na tope wala na vyuo. Ni miguu na nia, na hilo mwambie mzee bila kuficha.

Sasa na mimi nikuulize, kwa kuwa una daftari. Hiyo mipira 15 ilipigwa kutoka wapi? Na huyo namba 4, kipindi cha pili ulimtazama? Mimi nilikuwa mbali naye.

Halafu mkumbushe mwanao: kabla ya hiyo Juni 2024, wengi wa vijana wale wale walisimama uwanja ule ule wa Nowlan Park mwaka 2022, fainali ya watoto, dhidi ya Tipperary hao hao, wakafungwa kwa pointi moja, kwa goli la sekunde za mwisho kabisa. Niliwaona wakilia. Wanangu wa klabu nawasimulia hilo kila mwaka.

Mtu wa Thurles (Jumapili, saa 4:50 usiku)

Poleni jirani. Mimi niko Tipperary mwaka wa tisa sasa na sina hamu ya kuwacheka. Mwaka 2024 sisi tulimaliza mkiani mkoa wetu wa Munster tukiwa na pointi moja ya msimamo, sare na Waterford, basi. Watu hapa walikuwa wanakwepana barabarani. Mwaka 2025 mashindano ya Januari hayakuchezwa kabisa, viongozi walikuwa wameyafuta kwa msimu ule. Julai ile tukachukua ubingwa wa Ayalandi. Kwenye fainali Cork walikuwa mbele kwa pointi sita mapumziko, na kipindi chote cha pili wakapata pointi mbili tu. Tulishinda 3-27 kwa 1-18.

Ila dada, mipira 15 nje ni mingi hata kwa Januari. Hilo msilipite haraka.

Mama wa Birr (Jumapili, saa 5:30 usiku)

Kaka wa Tullamore, asante sana, na wa Thurles pia. Nimefungua daftari mezani. Huwa naandika na mahali kwa kifupi, "mbali", "kati", "karibu". Nje za mbali ni 9, zile za kuanzia kwenye mstari wa mita 65 au nyuma yake. Za kati 4. Za karibu 2. Sikuwahi kuzijumlisha hivyo mpaka uliponiuliza.

Mwanangu alikuwa hajalala bado, nikamwita. Alikwenda akaleta mpira wake, huo tunaouita sliota, bado una maji ya jana. Kavu una gramu 110 hivi au zaidi kidogo, ngozi nje na ndani gome jepesi kama la kizibo cha chupa. Aliniwekea kiganjani, nikahisi umekuwa mzito. Akasema, mama, baridi ile mpira hauruki, waliokuwa wanapiga kutoka kule walikuwa wanapiga kama vile ni Julai. Kwa hiyo hizo 9 ni za kutofikiri, si za kutojua kulenga. Sijui kama hilo ni afadhali, lakini ni tofauti.

Kuhusu namba 4. Mapumziko mwanangu alinivuta mkono tukazunguka mpaka goli la pili ili tuendelee kuwa nyuma ya mabeki wetu. Na kweli nilimtazama, maana nilikuwa namhurumia. Sikuelewa nilichokiona ila sasa nadhani naelewa. Kipindi cha kwanza alikuwa anasimama nyuma ya yule wa Galway, anasubiri mpira udunde. Tope halidundishi. Mpira ukianguka unateleza au unakufa hapo hapo, kwa hiyo yule wa mbele anauchukua kirahisi na wewe uko mgongoni kwake. Kipindi cha pili kijana alisogea. Hatua moja tu, pembeni kwa mbele, bega lake likawa sawa na bega la mwenzake. Mpira wa kwanza ulipokuja hakusubiri chochote, akanyoosha fimbo kwa mkono mmoja, akaugusa ukatoka nje pembeni. Hakuupata, ila yule wa Galway naye hakuupata. Wa pili vilevile. Wa tatu aliufikia kabla haujatua, akaunyanyua kwa bapa la fimbo mpaka mkononi, hatua tatu, akaupiga mbele ukavuka nusu ya uwanja. Watu wachache waliokuwa nyuma ya goli lile tulipiga kelele kama ni goli.

Yule wa Galway kipindi cha pili hakufunga kitu kutoka kona ile. Hilo nina uhakika, nimeandika.

Mzee wa zamani (Jumatatu, saa 2:15 asubuhi)

Binti yangu, nimesoma yote haya asubuhi hii nikinywa chai na nimefurahi. Hapo kwenye hatua moja ndipo mechi yako ilipokuwa. Pointi 11 zitasahauliwa Pasaka haijafika, lakini hatua ile huyo kijana anabaki nayo.

Nilikuja Ayalandi kusoma mwaka 1996, na wenyeji wangu walikuwa watu wa Offaly, kwa hiyo sikupewa nafasi ya kuchagua timu. Nikusimulie kidogo ya 1998. Offaly walifungwa na Kilkenny fainali ya mkoa wa Leinster, na kocha wa Offaly wa wakati ule, Babs Keating, akawafananisha wachezaji wake na kondoo waliorundikana. Likawa neno la aibu. Akaondoka, akaja Michael Bond ambaye wengi hawakuwa wanamjua. Utaratibu wa kuwapa walioshindwa fainali ya mkoa nafasi ya pili ulikuwa umeanza mwaka mmoja tu uliopita, kwa hiyo tukaendelea.

Nusu fainali na Clare ikaisha sare, ikarudiwa uwanja wa Croke Park, Dublin, tarehe 22 Agosti. Clare wako mbele kwa pointi tatu, refa akapuliza kipenga cha mwisho dakika kama mbili kabla ya wakati. Pointi tatu ni goli moja. Mashabiki wakaingia uwanjani wakakaa chini kwenye nyasi, hawatoki. Nilikuwa mmoja wao. Nilikaa karibu na mama mmoja mwenye watoto wawili na mfuko wa mikate, akatugawia, na hakuna aliyekuwa na hasira ya kupigana, tulikuwa tumekaa tu tunadai dakika zetu. Mechi ikapangwa kurudiwa Thurles wiki iliyofuata, tukashinda 0-16 kwa 0-13. Septemba tukawakuta Kilkenny wale wale, 2-16 kwa 1-13, na Offaly wakawa timu ya kwanza kuchukua ubingwa wa Ayalandi baada ya kupoteza fainali ya mkoa.

Tangu hapo hatujachukua tena. Tumeshuka mpaka Kombe la Christy Ring, ngazi ya tatu, tulilichukua mwaka 2021 tukaanza kupanda, na 2024 tukachukua la Joe McDonagh, la ngazi ya pili. Nayasema haya ili ujue kwamba mashabiki wa kaunti hii hawaogopi Januari. Ila kocha wa Tullamore amesema kweli kuhusu mipira iliyodondoka, na mimi nimeliona hilo kwa miaka mingi: timu yetu ikiwa haikimbilii mpira uliodondoka, haina kingine cha kuishindia mechi. Hatuna wachezaji wengi kama kaunti kubwa, watu wetu ni wachache. Tukikaa kusubiri tunaliwa.

Huyo mzee wako, kabla hujamwambia chochote, mwulize yeye alikuwa anacheza namba ngapi.

Mama wa Birr (Jumanne, saa 3:05 asubuhi)

Shikamoo mzee wetu. Nimetoka zamu sasa hivi, naandika kabla sijalala.

Nilifanya ulivyosema. Nilimpa dawa, nikakaa ukingoni mwa kiti, nikamwuliza kwanza alikuwa anacheza namba ngapi. Mwaka mzima nimemhudumia na sikuwahi kumwuliza. Akasema, "Nne. Kona. Miaka 14." Akakaa kimya kidogo kisha akauliza lake, walichezaje.

Nikamwambia yote kwa mpangilio. Kwamba mipira iliyodondoka hatukuikimbilia, akafumba macho akatikisa kichwa. Kwamba tulipiga nje 9 kutoka mbali wakati mpira umelowa, akasema neno ambalo sitaliandika hapa. Kwamba kipa alikuwa anapiga fupi kwa maagizo, hilo halikumpendeza, enzi zao hawakuwa na mambo hayo, lakini alisikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamfikisha kwa yule kijana, goti kwenye tope, na kipindi cha pili ile hatua moja. Akanikatiza: "Aliusubiri au aliufuata?" Nikasema kipindi cha kwanza aliusubiri, cha pili aliufuata. Akaniuliza tena alikuwa ameishikaje fimbo. Hilo sikuwa nalo kwenye daftari.

Akaomba mkongojo wake. Ana mikono inayotetemeka, kikombe cha chai huwa tunamshikia. Aliushika mkongojo kwa mikono miwili kama fimbo ya hurlingi, halafu mkono wa juu akauteremsha polepole mpaka karibu na katikati, na mikono ikatulia. "Kwenye tope shika hapa," akasema, "fupi. Ukishika juu unachelewa." Akaushikilia hivyo muda mrefu kidogo, nami sikumharakisha ingawa kengele ya chumba kingine ilikuwa inalia na mwenzangu ndiye aliyeikimbilia.

Asubuhi hii mwanangu alikuwa mlangoni na begi la shule nilipofika. Nikachukua fimbo yake, nikamwonyesha. Akajaribu mara mbili pale kwenye korido, akarudi ndani kuchukua kalamu ya wino, akachora mstari kwenye mti wa fimbo mahali pa mkono, akaondoka nayo.